Safu ya Tatu

Daftari la muuguzi lina safu tatu:
saa ya mofini, maumivu kwa kumi,
na ya tatu, ambayo baba hataki niitaje,
kwa hiyo juu yake nimeandika herufi mbili tu, ch.
Jumatatu: hapana. Jumanne: hapana.
Jumatano nimechora mstari, nimelichoka neno lile.

Miaka thelathini na mmoja alishuka shimoni
hapa Asturias, kwenye makaa ya mawe,
akipigilia nguzo za mkalitusi chini ya dari inayolia.
Alitoa watu wawili hai kwenye kifusi, na mmoja asiye hai.
Leo hawezi kumwambia daktari kwamba hapati choo.
"Sema nina homa," ananinong'oneza.
Mficha maradhi kilio humfichua:
chake kilifichuka saa nane usiku,
nyuma ya mlango wa msalani,
bomba la maji limefunguliwa ili nisisikie.

Tumejaribu ya nyumbani. Plamu kavu zilizolowekwa usiku kucha.
Mafuta ya zeituni, kijiko, kabla ya kahawa.
Shangazi Etelvina kaleta maji ya mbegu za kitani,
akaketi akimtazama kaka yake
kama mtu anayesubiri birika lichemke.
Kisha ya dukani: sena, vidonge viwili, vinne;
laktulosi, tamu kama sharubati iliyosahauliwa juani.
Kilichopatikana ni gesi.
Gesi baba anaijua. "Usiwashe kiberiti," alisema,
na huo ndio mzaha wake wa kwanza tangu Krismasi.

Alhamisi akakisukuma mbali kikombe cha dawa.
Afadhali mifupa iume, akasema, kuliko kuwa gunia.
Kufikia adhuhuri uso ulikuwa wa majivu,
uti wa mgongo ukidai deni lake lote kwa mkupuo,
na bado mofini hakuitaka.

Nieves akaja, gari lake dogo lina tope hadi madirishani.
Akabonyeza tumbo, akasikiliza, akasikiliza tena,
ahakikishe njia imelala tu, haikuzibwa na uvimbe.
"Ingekuwa imezibwa, sindano hii ningeirudisha mkobani."
Halafu akamweleza kwa lugha ya shimoni:
Mofini, Belarmino, ni msimamizi mwenye funguo nyingi.
Kule juu, kichwani, anafunga mlango wa maumivu. Vizuri.
Lakini akishuka anafunga na milango ya utumbo,
wachimbaji wanakaa chini, vagoni zinasimama.
Dawa hii inakwenda kumnyang'anya funguo za chini peke yake.
Za juu haizifikii; ukuta wa ubongo hauipi njia.
Maumivu yatabaki yamefungiwa humo humo.

Baba akafikiri. "Kumbe ni mgomo."
"Ni mgomo," Nieves akajibu, akamchoma pajani.

Dakika ishirini. Shangazi akazima redio.
Dakika thelathini na tano, baba akainuka bila kuniita,
akishika ukuta, kisha meza, kisha ukuta.

Mengine sisimulii. Nitasema tu kwamba mnyororo ulivutwa mara mbili,
kwamba shangazi alifanya ishara ya msalaba,
na kwamba mimi, mwalimu wa hesabu, miaka arobaini na sita,
niliketi kwenye ngazi nikapiga makofi kimyakimya.

Ugonjwa upo palepale. Hakuna aliyesema utaondoka,
na keshokutwa huenda tukahitaji sindano nyingine.
Ila jioni alikunywa mofini yake bila ubishi,
akaomba maharage, akapewa supu,
akailalamikia supu.
Kisha akadai daftari na penseli.
Kwenye safu ya tatu hakuandika ndiyo.
Aliandika kama walivyoandika kwa chaki ubavuni mwa vagoni
kabla hazijapandishwa kwenye mwanga:
namba yake ya kazi,
na chini yake, kwa kukadiria,
uzito.