Ufa wa Arobaini na Moja

Tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu.
Kazi yenyewe ni ya kuanzia.
Nimelisoma mara nne, nimesimama
nyuma ya tanuri la Bi Felicja,
unga hadi kwenye viwiko,
saa kumi alfajiri, Wrocław bado imelala.

Nyumbani nafungua kompyuta.
Jina: Bogna Sikora. Anwani. Shahada ya uhandisi.
Kisha kwa herufi kubwa, UZOEFU WA KAZI,
na chini yake weupe mtupu,
kama Odra ilivyoganda Januari.

"Andika ulisimamia mradi,"
asema kaka yangu Gniewko kutoka kitandani.
Sikusimamia. Nilishika ngazi.
Miezi mitano, bila mshahara,
Bwana Zenon juu akikagua ubavu wa daraja,
mimi chini nikiandika anayoyatamka:
kutu, upana wa ukucha. Ribiti imelegea. Kutu tena.
Nilipiga picha mia nne, nikazipa namba,
nikazifuta zote kwa bahati mbaya,
nikarudi Jumamosi peke yangu kuzipiga upya.
Hilo nalo liandikwe wapi?

Lugha ya wasifu ni suti ya kukodi.
Aliyefagia "aliratibu usafi".
Aliyepokea simu "aliongoza mawasiliano".
Nami najaribu:
"Niliwezesha ufikiaji wa maeneo ya juu."
Nacheka hadi Gniewko anageukia ukutani.
Nafuta.

Ile Alhamisi, nyuzi tisa chini ya sifuri,
mgongo ulimkaza Bwana Zenon.
Leo panda wewe, akasema.
Nikapanda.
Ufa wa arobaini ulikuwa rangi tu iliyobanduka.
Wa arobaini na moja haukuonekana kwa macho.
Nilivua glavu, nikapapasa chini ya kiungo:
kitu chembamba kuliko unywele,
kikifumba na kufumbua
kila tramu ilipopita.
Nikaita.
"Una hakika?"
Sijawahi kuulizwa swali zito kama lile,
si chuoni, si kanisani.
Nikasema ndiyo.

Jioni tramu zilipitishwa njia nyingine.
Watu walinuna kituoni wakitazama saa zao,
na mimi kati yao, nikinuna pia,
nimechelewa kwa Bi Felicja.
Chanda chema huvikwa pete.
Changu kilivikwa plasta:
ngozi yake ilibaki kwenye chuma.

Jumanne, ghorofa ya sita,
Bi Halszka Ruta aliigeuza karatasi yangu
kuona kama ina upande wa pili.
Haina.
"Miezi mitano tu?"
"Miezi mitano."
"Na hapa umeandika, nilishika ngazi."
Wenzake wawili walitazama kalamu zao.

Nilieleza vibaya. Nilianzia katikati,
nikarudi kwenye picha zilizofutika,
nikasahau jina la kiungo
ninalolijua tangu mwaka wa pili.
Nilipofika kwenye ufa niliweka kidole mezani,
kovu likiwa juu, kama risiti.
Hakukitazama.

"Siku hiyo," akauliza, "nani alikushikia wewe?
Na aliishika vipi?"

Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo.
Nikasimama, nikawaonyesha:
mguu mmoja juu ya kipandio cha chini,
viwiko vimekunjwa, shingo nyuma,
macho hayaachi visigino vya aliye juu
hata pua ikichuruzika.
Nilikaa hivyo kitambo kirefu, nadhani,
nimekumbatia hewa mbele ya watu watatu.
Aliandika neno moja. Sikuliona.

Walisema watapiga simu.
Leo ni siku ya tisa.
Simu iko mfukoni mwa aproni, imejaa unga,
na huko mtoni tramu zimerudi darajani.
Kukiwa kimya, kabla wateja hawajaja,
nazisikia zikivuka,
na kidole changu, bila kuambiwa,
kinagusa ukingo wa meza.