Ngazi za Mnara, Kampala

Nilivua viatu, nikafungwa leso kiunoni.
Nabukeera akahesabu ngazi: emu, bbiri, ssatu…
kufika mia akaacha, pumzi ni mali.
Juu, upepo ukatupokea tukihema.

"Namirembe ile. Rubaga kule. Kasubi,
penye lile paa la nyasi."
Vilima vitatu vimekaa kama mafiga;
nami, mgeni wa ramani, nikaweka alama.

Kisha kidole chake kikashuka
hadi bati moja lenye kutu, nyuma ya Owino.
"Pale nilizaliwa. Mama hukaanga mihogo.
Wageni hawapelekwi."

Korongo kipara akatua juu ya bati,
akakunja mbawa kama mwenye nyumba.

Ramani yangu ilikuwa kimya.
Tukashuka, magoti yakicheza,
nikauliza mihogo ya mama huiva saa ngapi.