Thelathini ya Nini?

Niliandika neno moja: kungoja.
Baada yake alama ya usawa, kisha nafasi tupu,
nikaenda kunywa chai.

Kiendeshi kilikuwa tayari. Kazi yake
kuishika diski iliyo mbali
na kuileta kama vile iko hapa mezani.
Nje, Dundee ilikuwa imelowa tangu Jumanne,
daraja la Tay nusu yake imemezwa na ukungu,
treni ikijitafutia ng'ambo.

Bi Lorna Geddes, mtunza kanda wa maktaba ya Broughty Ferry,
akajaza 30.
Aliona sekunde. Nani asingeona sekunde?
Mashine ikaona milisekunde:
kope haijashuka, imekwisha kukata tamaa,
seva ndiyo kwanza inageuka iitike.
Kanda kumi na moja za wafumaji wa viwanda vya juti
zikafika nusunusu.
Katika mojawapo bibi anasema, "Siku ile moto ulipo"
basi. Ulipo. Hadi leo.

Alinipigia simu. Hakufoka.
"Nilisoma maelezo yako," akasema, "mara mbili."
Heri angenitukana.

Struan akanitetea: kipimo kimeandikwa, ukurasa wa tisa.
Lakini mimi, katika watu wote, mimi!
Mwezi wangu wa kwanza hapa nilipewa miadi ya daktari,
nikasikia mbili, nikaitia katika saa ya kwetu,
nikafika asubuhi na shali ya shangazi kichwani,
nikakaa katika chumba cha kungoja
saa sita.
Namba haikuwa na kosa.
Tulihitilafiana tu siku huanzia wapi,
na Januari ya huku, jua lenyewe
huamka saa tatu kasorobo, tena kwa kubembelezwa.

Usiku ule nikalifungua faili upya.
Kungoja likawa ngoja_kwa_sekunde.
Refu, ndiyo. Viatu vya mvua navyo ni vizito.

Chini yake nikakuta, kwa mkono wangu mwenyewe:
usizuie_kutohifadhi = hapana.
Nikalisoma kwa sauti. Struan akacheka,
kisha akaacha kucheka,
maana hakujua, wala mimi sikujua,
kama tunahifadhi.
Tukalifuta. Tukaandika hifadhi = ndiyo.

Palikuwa na hali = 2.
Mbili ya nini tena?
Ilimaanisha: mjibu mtu "imeandikwa"
ilhali diski haijapokea hata herufi.
Akiba haiozi, tulifundishwa;
aliyesema hivyo hakuwahi kuachiwa risiti
ya gunia lililobaki njiani.
Sasa anayetaka haraka hiyo
itambidi aiandike kwa jina lake lote:
jibu_kabla_ya_kuandika,
na asikie inavyomkwaruza kooni.

Mtu akikosea herufi, kiendeshi kisinyamaze
kikajifanya kimeelewa.
Kiseme: mstari wa kumi na nne, neno hili silijui,
je, ulikusudia lile?
Ukimya si adabu hapa.

Na wengi hawatagusa kitu.
Chaguo-msingi ni sahani unayomfunikia
mtu atakayerudi usiku wewe umelala:
hana wa kumuuliza kilichomo,
basi usimtilie pilipili kwa sababu wewe waipenda.

Jumatatu Bi Geddes akajaza tena thelathini,
akanakili tena kutoka kanda mama, zote kumi na moja,
kumi zikafika nzima.
Ile ya moto, utepe wenyewe ulikuwa umekatika zamani,
kabla yangu, kabla ya diski.
Nilifarijika, kisha nikaona haya kwa kufarijika.

"Swali moja," akasema kabla ya kukata simu.
"Seva isiporudi kabisa, kinangoja mpaka lini?"

Nikaandika: isiporudi_kabisa,
alama ya usawa,
nafasi tupu.
Chai ikapoa mezani.