Mizani ya Helikopta

Hapa Wete, uwanjani, kidege kilipopaa,
dhiraa moja hewani, kikatetema kwa njaa,
nati ikaruka, ndani ya kaango la dagaa;
Bi Riziki kashangaa: “Mwataka mnimalize?”

Nikasema: “Ni mashine, nguvu zake hazitoshi,
tukaagize nyengine, yenye kishindo na moshi.”
Mize kasema: “Tuone mapanga. Wacha ubishi.
Mgonjwa hatumlishi pasi kujua maradhi.”

Akaazima mizani ipimayo karafuu,
ya Shaame wa sokoni, aliyevunjika guu.
Panga mbili sahanini: moja chini, moja juu;
tofauti siyo kuu, makonyo matatu basi.

Panga zinapozunguka kwa dakika mara elfu,
konyo hugeuka shoka, lagonga chuma hafifu,
mtikisiko huzuka, ukazaa maradufu;
chuma hakijui hofu, hukatika bila hodi.

Nikaitafuta randa, nipunguze palo zito.
Kanishika: “Ngoja kwanda, uzito si tu uzito:
ni wapi umejipanda, ndilo fumbo la kitoto;
mbelekoni ni mtoto, mkononi ni gunia.”

Usiku, kwenye kompyuta, akachora panga mia,
mojamoja akafuta, akipinda, kirudia;
si nyepesi katafuta, wala yenye kukimbia,
bali inayotulia upepo ukiibeza.

Tukaizika risasi ukingo wa mbele, ndani,
ncha kazipa wepesi, nyembamba kama majani.
Nikakumbuka upesi mwalimu wangu chuoni:
“Mizani ndiyo mizani, ya neno au ya ndizi.”

Ukipunguza silabi moja tu, beti huyumba,
kama huu, ya Rabi, unaburura kamba.
Sikio ndilo tabibi, hupapasa palovimba;
na panga pia huimba kosa lake, kwa sauti.

Jumatatu, alasiri, tukakiwasha, kikenda,
kikasimama vizuri juu ya bati la banda,
na maji ya bilauri tuliyofunga kwa kanda,
hata tone halikwenda nje. Bi Riziki kacheka.

Mize hakucheka. Kando akakaa na daftari:
“Hapo kati, kwenye mwendo, pana mguno wa siri,
si kelele, si kishindo. Usirudishe, subiri,
ile mizani. Si shwari bado. Niletee randa.”