Sindano Namba Kumi

Mbao ni za kitanda cha marehemu baba.
Fundi Mtimbuka alizikata bila kuuliza,
halafu akauliza: "Mzinga wa nyuki?"
Nikasema kamera.
Akapima tena. Safari hii alinipima mimi.

Ndani nimepaka rangi ya ubao wa shule,
mara tatu, mpaka mkono wangu ukiingia
nausikia tu, siuoni.
Lenzi sina. Nina kopo la soda,
nimelikata, nimelisugua kwa msasa
mpaka likawa jembamba kama ganda la kitunguu,
nikalichoma kwa sindano namba kumi ya mama:
ncha tu, usiizamishe,
zungusha, sugua, choma tena.
Tundu lenye makovu huzaa picha yenye makovu.

Filamu ni za eksirei. Bahia wa hospitali
alinipa boksi lililopitwa na tarehe.
"Hizi zilikuwa za mbavu za watu," akasema.
"Usiniletee kesi."

Jumamosi nikaenda Shimo la Mungu,
sanduku kwenye keria, limeviringishwa blanketi.
Nikaliweka juu ya jiwe, likatazama bonde
hadi Ruvuma, mkwaruzo mweupe kule chini,
na ng'ambo yake Msumbiji.
Nikabandua utepe.
Dakika nne.
Shimo lote hili, ambalo mwenyewe
hakulichimba kwa haraka,
lipite kwenye tundu la sindano,
na lipite kichwa chini.

Mbuzi watatu wakakatiza.
Mtoto mmoja akaja, akainama:
"Inapiga saa ngapi?"
Inapiga sasa.
"Mbona haisemi?"

Maji ndiyo kasheshe. Newala ndoo ina bei,
na filamu haioshwi kwa mate.
Mama alihesabu: moja ya dawa, mbili za kusuuza.
"Hapo kuna ugali wa siku mbili," akasema,
akamimina.

Chini ya taa nyekundu weusi ukapanda taratibu.
Mbuzi hawamo. Mtoto hayumo.
Bonde limo,
mara mbili.
La pili hafifu, limesogea pembeni,
kama mtu anayerudia neno
ambalo hakulisikia vizuri.

Nikamulika sanduku kwa tochi, ubao kwa ubao.
Ule wa mbele ndio uliokuwa wa kichwani,
na palepale, chini ya rangi,
tundu la msumari wa kutundikia redio.
Rangi ililiziba, haikulimaliza.

Mama aliinua filamu dirishani, ikimchuruzikia hadi kiwikoni.
Nilikuwa nimeshakata kipande cha mkanda mweusi,
kimenikaa kwenye kidole gumba.
"Msumari wa redio," nikamwambia. "Naziba."

Akalitafuta lile tundu kwa ukucha, akalipata.
"Utaziba," akasema.
"Kwanza nipige mimi."

Akakokota kigoda mpaka uani, akakaa,
akafunga mtandio upya.
"Ila maji," akasema, bila kutikisa kichwa,
"utakwenda kuchota mwenyewe."