Ukurasa wa Kumi na Moja

Kazi yangu ni gundi.
Wengine husoma; miye nashona migongo,
nabandika pembe zilizoliwa na mende.
Maktaba yetu hapa Wete ni chumba kimoja na nusu,
na ile nusu ni ya ndoo na mafagio.

Sanduku lilikuja kwa meli hadi Mkoani, kisha kwa gari la mchele,
kona moja imelowa.
Mwalimu Shaame akalipasua kwa kisu cha kumenyea muhogo.
Vitabu arubaini na viwili. Vya watoto. Vya picha.
Vinanuka upya, kama viatu vya Idi.

Nilidhani nakijua kilichomo:
mtoto wa nywele za singa, theluji,
na mbwa kalala kitandani.
Ndivyo tulivyosomeshwa sisi,
tukaijua A mpaka Z
hali ni wageni katika kila ukurasa.

Sivyo.
Mlikuwa na bibi anasuka ukili, mguu mmoja kaukunja
vilevile wanavyokaa Kojani.
Mlikuwa na mtoto wa Kimakonde, jina lake limeandikwa zima,
halikukatwa ili litoshe kwenye daftari la skuli.
Mlikuwa na kijana anayesema kwa mikono,
na mama wa Kingazija, uso mzima liwa,
na wasichana wawili, huyu na buibui, huyu na msalaba shingoni,
wanagombania pakti moja ya ubuyu,
midomo yote imeiva wekundu.

Sikusema kitu. Nikavigonga muhuri.

Miezi mitatu baadaye navisoma, kwa njia yangu:
kitabu kikirudi, kimeshaandikwa mara ya pili.
Bibi wa ukili ananukia karafuu;
kidole cha mtu aliyetoka kuchambua
kimebaki shavuni pake, kahawia, hakifutiki.
Chilumba wa darasa la pili,
ambaye walimu humwita "wewe wa nyuma",
amelipitishia penseli lile jina refu,
herufi juu ya herufi, hata karatasi ikatoboka.
Nimeziba kwa nyuma. Mbele sikugusa.
Na Faki, asiyesikia kengele wala adhana,
alikiegemeza kitabu kwenye mtungi wangu
akanifundisha kusema "maji".
Miaka sita namjua.
Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye.

Baba mmoja alikuja, kitabu kwapani:
"Hivi vinawafunza nini watoto wetu?"
Nikamwuliza, umekisoma?
Akakiweka mezani taratibu, akaenda zake.
Mwanawe hajaja tena.
Gundi yangu haifiki huko.

Halafu kile cha kijani, nambari ishirini na saba.
Kutoka kumi kinaruka hadi kumi na tatu.
Karatasi imekatwa kwa wembe, kwa adabu,
hata uzi haukujua.

Ijumaa akaja mama yake Mize,
karatasi ndani ya mfuko wa sukari, noti mbili mkononi.
"Niliikuta imebandikwa kwenye kioo cha kabati.
Nimeshamchapa. Niambie kiasi gani."

Nikaifungua. Mtoto wa kike kivulini, anachora,
kofia pana, nywele rangi ya ukindu mkavu,
kope nyeupe, ulimi kautoa pembeni kwa bidii.

Mize alikuwa nje, nyuma ya mlango,
kofia ya kaka yake imemmeza masikio.
Mkono wake, mweupe, ulionekana kwenye bawaba.

"Kwa nini, mwanangu?"

Kimya. Kisha, kwa hasira kidogo,
kama mtu aliyeulizwa nyumba yake mwenyewe:
"Si miye huyo?"

Gundi ilikuwa tayari, brashi mbichi.
Nikavuta daftari la waazimaji.
Jina: Mize Hamad Kombo.
Kitabu: ishirini na saba.
Kilichochukuliwa: ukurasa wa kumi na moja.
Tarehe ya kurudisha

nikaruka.
Mama yake bado ameninyooshea zile noti.
Brashi ikanikaukia mkononi.