Buti za Kiborloni

Begi lake lilishukia Adisi, au halikupanda kabisa,
hakuna aliyejua. Yeye alishuka KIA
na kandambili, sweta, na kitabu.
Kesho yake alitakiwa geti la Marangu,
ndipo Elifuraha, kijana wa kuongoza wageni,
akamleta Kiborloni, mbele ya turubai langu,
akanikonyeza.

Nilijua maana ya kope ile.
Buti za elfu thelathini nikazitaja tisini.
Uso wangu haukutikisika.

Hakulalamika. Alizipindua
kama mama anayepapasa mtoto kutafuta homa,
akachungulia chini ya ulimi wa ngozi,
akanyamaza.
Palikuwa na muhuri mle, wino umefifia.
Miezi yote mimi nilidhani ni namba ya kiwanda.
"Anasema," Elifuraha akatafsiri, sauti imempungua,
"duka hili lilikuwa mtaa wa pili kutoka kwa mama yake.
Lilifungwa. Sasa pale wanauza simu."

Kumbe buti zilimtangulia.
Zilibanwa ndani ya belo
pamoja na suruali za marehemu
na makoti ya watoto waliokwisha kukua,
zikavuka bahari bila pasi wala chanjo,
zikapanda lori usiku hadi kwangu,
zikamngoja, kamba zimefungwa,
kama mbwa wa mtu.

Alilipa tisini. Nilizipokea.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
nilipona, lakini mfukoni tu.

Nyumbani nilikula ndizi nisionje chumvi.
Nilihesabu: leo yuko Mandara.
Leo Horombo.
Mguu wake umo ndani ya uongo wangu.
Taa ya kibarazani niliiacha ikiwaka hadi asubuhi,
sijui nikimngoja nani.

Siku ya saba alirudi akichechemea,
pua imebabuka, ukucha wa dole gumba
mweusi kama zambarau.
Jina lake Tuulikki. Nikamwambia kwetu linatosha Tuli,
na maana yake ni mtu aliyetulia. Akacheka hadi akashika goti.
Buti kazipiga brashi, kazijaza magazeti.
"Anasema zikae hapa. Uziuze tena."

Nilimketisha juu ya belo,
nikampa mtori katika kikombe cha chai.
Kisha mimi, mzaliwa wa Kibosho,
miaka hamsini na miwili mlima ukinitazama mgongo nikipalilia,
mimi nisiyewahi kuvuka pale migomba inapokoma,
nikamuuliza: huko juu kuna nini?

Baridi, akasema. Vumbi.
Na kwamba usiku wa Horombo alitoka nje kukojoa,
akaona taa chini kabisa, kama makaa yaliyomwagika,
akauliza ni za nani.
Akaambiwa: Moshi.
"Basi mojawapo," akanielekezea kijiko, "yako."

Sikuweza kumeza.
Nilivuka mtaro hadi kwenye ua wa jirani,
nikachuma jani la isale, nikalipiga fundo,
nikamwekea kiganjani pamoja na elfu sitini.
"Mwambie hili halikataliwi.
Mwambie bibi yangu aliletewa hili
na mtu aliyemuulia ng'ombe, akalipokea."
Elifuraha alitazama viatu vyake mwenyewe.
Sijui alitafsiri nini. Maneno yalikuwa machache.

Jani alilitia ndani ya pasi yake.
Zile fedha alizihesabu, akanitazama,
akasema kwa Kiswahili: "Arobaini."
"Sitini," nikasema.
"Thelathini!"
Tukavutana bei kinyumenyume,
mnunuzi akishusha anachorudishiwa, muuzaji akipandisha,
hadi Mama Anasia wa mashuka akaacha wateja wake
akaja kuona wendawazimu.

Buti nilimuuzia mpagazi mmoja wa Uru, Ndekirwa,
kwa elfu kumi na tano. Sikumsimulia chochote.
Juzi alipita kunisalimu.
Anasema chini ya ulimi kuna maandishi mawili:
moja hawezi kulisoma,
la pili ni la kalamu, jipya,
jina la soko letu, limekosewa herufi.